Nusu ya Jasho

Mwanagenzi wake ndiye aliyeona kwanza:
Muhenna bin Zahir mbele ya sufuria ya shaba,
mwiko mrefu mikononi, samli inatoa povu,
na jasho linamtiririka upande mmoja tu wa uso.
Upande wa kushoto mkavu kama ukuta wa udongo.
"Fundi, umejipaka nini?"
Hakujipaka kitu. Akacheka, akaendelea kukoroga,
maana haluwa haimngoji mtu akajitazame kiooni.

Wiki tatu baadaye yuko mbele yangu,
chumba nambari sita, kliniki ya macho, Nizwa,
kanzu inanukia zafarani na moshi wa mgunga.
Kidevu kwenye mashine, kipaji kimegusa mkanda.
Yeye Kiswahili cha Wete, mimi cha Ng'ambo;
Kiarabu tumekiacha mapokezi pamoja na kadi yake.

Nikazima taa.
Gizani mboni hufunguka yenyewe,
haiombi ruhusa, haimwarifu mwenyewe,
kama moyo unavyopiga nawe umelala,
kama tumbo linavyosaga wali bila msimamizi.
Ya kulia ikafunguka: milimita sita.
Ya kushoto ikajikongoja,
ikafika tatu, ikachoka.
Na kope juu yake imelegea, kidogo tu.
Tuliambiwa macho hayana pazia.
Lake moja lilishateremsha.

Daktari Ghaniya akamchorea njia
nyuma ya fomu ya maabara.
Uzi unaofungua mboni hautoki ubongoni
ukaingia jichoni moja kwa moja.
Ungedhani, maana ni jirani, hata shubiri haifiki.
La. Hushuka shingoni, ndani ya uti, mpaka kifuani,
huchomoza, hupita juu ya ncha ya pafu,
ndipo hupanda tena
umeng'ang'ania mshipa mkubwa wa damu,
na njiani hugawa jasho la uso.
Mwenziwe, ule wa kufunga, njia yake fupi,
na huku kwetu hapumziki mchana kutwa:
jua la Julai halibishi hodi.

Muhenna akautazama mchoro.
"Kumbe kama sisi," akasema.
"Babu katoka hapa hapa, akenda Pemba.
Mimi nikazaliwa Wete, nikaletwa na miaka kumi na mmoja.
Si angebaki tu?"
Hakuna aliyecheka vizuri.
Daktari alikuwa ameweka kalamu kwenye ncha ya pafu
na hakuiondoa.

Sigara? Miaka thelathini.
Bega? Linauma, lakini ni mwiko huo,
kilo arubaini za wanga na sukari,
nani asingeumwa bega?

Picha ya kifua ikarudi Jumanne.
Nilikuwemo kwa sababu ya lugha.
Kiarabu anakijua kunishinda,
ila habari nzito, alisema, aletewe
kwa maneno ambayo mamake alimkemea nayo.
Nikatafuta neno. Nikapata dogo.
Uvimbe, nikasema. Juu ya pafu. Kushoto.
Nilikuwa namtazama machoni, mazoea ya kazi.

Jicho la kulia likasikia.
Mboni ikatanuka
mpaka kahawia yote ikabaki pete nyembamba,
na nusu ile ya uso ikatoa jasho,
jasho la baridi, kiyoyozi kinanguruma.

La kushoto lilibaki dogo, kavu, tulivu,
linanitazama kama mtu
ambaye barua haijamfikia.

Maneno yaliyosalia
niliyaambia hilo.